Ndege Iliyopita Changamwe kwa Treni

Ndege ya kwanza kuandikishwa nchini Kenya haikufika Mombasa ikiruka. Ilikuja kwa meli mwaka 1925, mabawa yamefunguliwa, ikashushwa Kilindini pamoja na shehena nyingine, kisha ikapandishwa treni kwenda Nairobi. Reli ya kutoka bandarini haikuwa na njia nyingine. Ilivuka Makupa, ikapanda kilima hadi stesheni ya Changamwe, ndipo ikashika njia ya Mazeras na Voi. Basi Changamwe ilipitiwa na ndege ikiwa mzigo, miaka mingi kabla ya kuzoea kuisikia ikinguruma juu ya mapaa yake.

Ilikuwa de Havilland DH.51, aina ambayo zilitengenezwa tatu tu. Iliunganishwa Nairobi, ikaruka tarehe 4 Aprili 1926, na jina lake likawa Miss Kenya. Daftari la ndege la Kenya lilipofunguliwa, ndiyo iliyopewa herufi za kwanza, G-KAA, baadaye VP-KAA.

Nimekaa Changamwe muda mrefu, na habari ya ndege hii hunijia kila ninaposikia mradi mpya ukitangazwa katika eneo letu. Hapa tumezungukwa na miradi. Upande mmoja kuna Kipevu na mitambo yake ya umeme, upande mwingine kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963, katikati barabara inayochimbwa, inayopanuliwa, inayochimbwa tena. Na kuna kiwanja cha ndege, ambacho wadi nzima imepewa jina lake: Airport. Nikisoma maisha ya watu walioleta urubani Afrika Mashariki, naona somo moja linalojirudia, na naliona likituhusu sisi wa Changamwe kuliko wengi. Mradi wa ndege ni kazi ya ardhini. Anayeshughulikia ardhi ndiye anayeacha kitu. Anayeshughulikia anga peke yake huacha picha.

Tuanze na mwenye ile ndege. John Carberry alikuwa mtu wa Ayalandi aliyerithi cheo cha ubwana akiwa mtoto, kisha akakiacha. Mwaka 1914 alishiriki mashindano ya Schneider huko Monaco, halafu akaizunguka nchi yake akionyesha watu ndege. Alipanda juu, akapinduka kichwa chini miguu juu, watu wakashika vifua, akatua, wakapiga makofi. Wakati huo wengi wa waliokuja kutazama walikuwa hawajaona ndege kwa macho yao. Onyesho lilikuwa ndiyo shule yao ya kwanza ya urubani, na sitaki kulidharau. Lakini uwanja wa onyesho ulikuwa shamba la kukodi. Jioni kamba zilifunguliwa, ng'ombe wakarudi kulisha.

Carberry alihamia Kenya baada ya Vita vya Kwanza, akakaa Seremai karibu na Nyeri, na mapenzi yake ya ndege akaja nayo. Mkewe Maia naye alikuwa rubani. Tarehe 12 Machi 1928 ndege aliyokuwa akiirusha Nairobi, akiwa na Dudley Cowie, ilianguka, wakafa wote wawili. Mwaka huohuo Miss Kenya iliuzwa kwa watu watatu, mmoja wao Tom Campbell Black.

Wakati Miss Kenya ikisubiri kuunganishwa, Mwingereza mwingine alikuwa akipita juu ya bara hili. Alan Cobham aliondoka London Novemba 1925 akafika Cape Town Februari 1926, akipitia Kisumu na Tabora. Huyu ndiye aliyekuja baadaye kuwa mwandaaji mkubwa wa maonyesho ya ndege katika Uingereza yote. Nani asingevutiwa na safari kama ile? Mimi huvutiwa zaidi na kilichoitangulia. Viwanja vingi alivyotua vilikuwa vimekatwa mwaka 1919, pale jeshi la anga la Uingereza lilipopeleka vikosi vitatu kupima njia ya kutoka Cairo hadi Cape. Kazi yenyewe ilifanywa na vibarua wa vijijini kwa mamia. Waling'oa visiki, wakabomoa vichuguu vya mchwa kwa majembe, wakabeba udongo kwa vikapu. Mwaka uliofuata ndege kadhaa zilijaribu njia hiyo. Waliofika Cape Town ni van Ryneveld na Brand, nao walikuwa wameharibu ndege mbili njiani na kumalizia safari kwa ya tatu.

Fikiria mpango ule ulivyoonekana katika ramani ya London: mstari mmoja wa wino mwekundu, na nukta zake. Kila nukta huku kwetu ilikuwa kijiji kilichokatiza kulima ili kisawazishe ardhi. Mvua za masika zikipiga, majani yanarudi, mchwa wanaanza upya. Ramani haioti majani. Kiwanja kinaota, na asiyeweka mtu wa kukifyeka kila msimu hana kiwanja, ana kumbukumbu ya kiwanja. Majina ya walioifanya kazi hiyo hayamo katika vitabu vya marubani. Huo ni upungufu wa vitabu, kwa maana bila wao hakuna aliyetua.

Aliyeelewa jambo hili vizuri kuliko wanaume wengi wa zama zake ni mwanamke. Florence Kerr Wilson alikuwa mjane, mumewe alifariki mwaka 1928. Alianzisha Wilson Airways mwishoni mwa Julai 1929 akiwa na ndege moja ndogo, Gipsy Moth, na Campbell Black akawa rubani wake mkuu na meneja. Kutoka Nairobi walifungua safari za kuja Mombasa na kwenda Dar es Salaam, kisha Tanga na Zanzibar zikaingizwa katika ratiba. Walibeba barua, abiria, wagonjwa, na kila kilichohitaji kuwahi.

Neno ratiba ndilo lenye uzito hapa. Rubani wa onyesho huruka siku ikiwa nzuri. Rubani wa ratiba anasubiriwa na karani wa posta mwenye saa ukutani. Ili ndege iondoke asubuhi kwenda Mombasa, lazima mtu awe amehakikisha jana yake kwamba petroli ipo, na petroli ya siku hizo ilikuja kwa debe. Dishi, karai, mlango wa banda, kipimo cha mahindi sokoni: debe hilohilo tulilolizoea ndilo lililojaza matangi ya ndege, likimiminwa kupitia kitambaa ili maji na takataka zisipite. Mtu mmoja anashika faneli, mwingine ameinua debe begani. Kosa dogo hapo linaua watu huko juu. Sijaona picha iliyotundikwa ofisini ya mshika faneli, lakini huduma nzima ilisimama mkononi mwake.

Campbell Black mwenyewe alikuwa na kipaji cha ajabu. Mwaka 1931 rubani mashuhuri wa Ujerumani, Ernst Udet, alikwama na ndege yake katika mabwawa ya Sudd huko Sudan alipokuwa akirudi kwao kutoka Afrika Mashariki. Campbell Black ndiye aliyemwona akiwa angani, akashuka, akamwokoa. Ni yeye pia aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Lakini hata yeye hakuweza kuruka juu ya ukweli wa ardhi, wala rafiki zake hawakuweza.

Mwezi wa Mei mwaka huohuo wa 1931, mmoja wa rafiki hao, Denys Finch Hatton, alikuja na Gipsy Moth yake huku pwani, kwenye nyumba yake ya Takaungu. Alipotua, propela iligonga jiwe la matumbawe ikapasuka. Anayeujua ufuo wetu hatashangaa: chini ya nyasi kuna mchanga, chini ya mchanga kuna jiwe, na jiwe halingoji kina kirefu. Ikabidi atafutiwe propela nyingine. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, aliruka kutoka Voi, ndege ikaanguka papo hapo ikawaka moto. Alikufa yeye na mtumishi wake Kamau. Wa kwanza ana kaburi linalotembelewa kwenye vilima vya Ngong na ameandikwa katika vitabu vingi. Wa pili tumebakiziwa jina moja.

Huko Uingereza, Cobham alikuwa amefika kwenye jawabu lake. Mwaka 1929 alichukua ndege kubwa aliyoiita Youth of Britain, akazunguka miji zaidi ya 100 akiwabembeleza mameya na madiwani watenge ardhi ya viwanja vya ndege vya miji yao. Hakuwaletea hotuba tu. Aliwapandisha ndegeni, akawaonyesha mji wao kutoka juu. Na kwa fedha za tajiri Charles Wakefield akawapandisha watoto wa shule bure, wapatao 10,000. Diwani aliyekataa asubuhi alirudi nyumbani jioni akamkuta mwanawe ameruka, haongei jingine. Kisha kuanzia 1932 hadi 1935 akaendesha maonyesho yake ya ndege mji kwa mji, watu wakayaita sarakasi ya Cobham.

Hapo ndipo ninapomheshimu. Kwa Cobham, kelele za injini zilikuwa za kuwafanya watu wa mjini wakubali kutoa shamba, walisawazishe, walilinde, walione ni lao. Alijua kwamba ndege itapitwa na wakati katika miaka mitano, kiwanja kitabaki miaka mia.

Wapanga mipango wa dola ya Uingereza, kwa upande wao, walijaribu kuikwepa ardhi kabisa. Mwaka 1937 shirika la ndege la Imperial Airways lilileta ndege za kutua majini katika njia ya kwenda Durban. Kutoka Kisumu zilishuka hadi Mombasa, zikaendelea kusini kwa kuifuata pwani. Wazo lilikuwa zuri: bahari haina visiki wala vichuguu, haidai fidia, haiotwi na majani. Lakini bahari nayo ina gharama zake. Inataka maboya, mashua za kuvukisha abiria, mashua za mafuta, watu wa kuangalia gogo linaloelea. Gogo moja linatoboa tumbo la ndege. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, dunia ilikuwa imejaa njia za kurukia zilizotandazwa kwa ajili ya ndege za kivita, na kufikia mwisho wa 1950 shirika la Uingereza lilikuwa limeziacha ndege za majini. Mpango wa kuikwepa ardhi ulishindwa na ardhi.

Njia ya kurukia ya Changamwe nayo ilikuzwa na vita hivyohivyo. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, na manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zikarudi nyuma kuja Kilindini. Manowari zinahitaji ndege, na ndege zinahitaji mahali. Port Reitz ikawa kituo cha ndege za jeshi la majini. Kilichokuwa kimezungumzwa kwa subira miaka yote ya amani kilipatikana kwa haraka ya hofu. Hakuna mwananchi wa Changamwe, Chaani au Port Reitz aliyeulizwa anaonaje. Na ndivyo ilivyo hadi leo katika mambo mengi: tunaishi ndani ya mipango ambayo sababu yake ya kwanza haikuwa sisi.

Wilson Airways haikuviona vita hivyo hadi mwisho. Ndege zake na marubani wake walichukuliwa na jeshi, kampuni ikafungwa. Campbell Black alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1934 yeye na Charles Scott walikuwa wameshinda mashindano makubwa ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, safari ya saa zisizofika 72. Tarehe 19 Septemba 1936, katika uwanja wa Speke huko Liverpool, alikuwa ndani ya ndege yake chini kabisa, hajaruka, ndipo ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga. Mtu aliyevuka mabara alifia ardhini, akiwa na umri wa miaka 36. Kwa Florence Wilson kilibaki kile kiwanja cha Nairobi, ambacho kina jina lake mpaka sasa, na kila siku ndege ndogo zinaruka kutoka Wilson kwenda kila pembe ya nchi. Kampuni iliishi miaka kumi tu. Ardhi aliyoitengeneza inaelekea kutimiza karne.

Sasa turudi kwetu. Kiwanja cha Port Reitz kiliendelea kukua. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 na likavunjika 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1979 kiwanja chetu kilipanuliwa kikawa cha kimataifa, na miaka ya 1990 kikajengewa jengo la abiria kwa mkopo wa Japani. Njia yake kuu ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3.

Ukitaka kuona jinsi mradi unavyokaa mahali pake, simama Magongo jioni wakati wa kusi. Ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo kusi ikivuma huja kutoka upande wa kaskazini, ikapita juu ya Magongo chini kiasi kwamba unaona magurudumu yameteremshwa na maandishi ya tumboni unayasoma. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka: ndege zinaingia kutoka upande wa mikoko ya Port Reitz, na Magongo inapata kimya chake cha miezi kadhaa. Upepo uleule uliokuwa ukimwambia nahodha wa jahazi lini aende Bara Hindi na lini arudi ndio unaomwambia rubani wa ndege ya leo aingie kwa mlango gani. Hilo mtoto wa Magongo analijua bila kufundishwa. Anajua pia kunyamaza katikati ya sentensi, asubiri ngurumo ipite, aendelee pale alipoachia. Nimemwona mwalimu akifanya hivyo na chaki mkononi, mkono umeinuliwa, darasa zima limetulia, na ngurumo ilipopita akaandika neno lililokuwa limebaki.

Watoto hao wanaufahamu mradi huu kwa masikio. Kwa macho wanaona ukuta. Nyumba zimesogea hadi kwenye uzio, na wengi wanaokulia katika wadi inayoitwa Airport hawajawahi kuingia ndani ya jengo la abiria, maana huko huingia mwenye tiketi au mwenye kazi. Wapo waliopata kazi, na kazi hizo zimesomesha watu: mizigo, ulinzi, usafi, teksi, jikoni za chakula cha ndege. Lakini uliza rubani, fundi wa injini au mwongoza ndege wangapi wametoka Chaani, uone kimya kitakachofuata.

Na mipango haikomi. Tangu Januari 2024 flydubai inashuka hapa, na mjadala wa kufungua anga ya Mombasa kwa mashirika mengi zaidi unaendelea kila msimu wa watalii. Reli mpya iliyofika Miritini mwaka 2017 imechukua sehemu ya wasafiri wa Nairobi. Barabara ya Dongo Kundu imetuunganisha na pwani ya kusini bila kivuko cha Likoni. Kiwanda cha mafuta, kilichotengeneza mafuta ya ndege hapahapa karibu na kiwanja, kiliacha kusafisha mwaka 2013, sasa matangi yake ni ghala. Kila kimoja kati ya hivi kilikuja na michoro mizuri. Mipango si matumizi, na mimi huangalia mambo madogo: mtaro wa maji ya mvua pembeni ya barabara mpya unaishia wapi, nani amepewa kazi ya kuuzibua, na mwenye kibanda aliyeondolewa kwa ajili ya upanuzi amekwenda kuuzia wapi. Mtaro ukiziba, barabara ya mabilioni inakuwa kidimbwi kwa mvua ya saa moja. Huyo ndiye mchwa wetu.

Miss Kenya haikuoza. Iliondoka Kenya mwaka 1965 ndani ya ndege kubwa ya jeshi la Uingereza, na leo imehifadhiwa Old Warden, katika kiwanja cha makumbusho, ambako bado huruka siku za maonyesho. Wanaoitunza wanaifuta mafuta, wanakaza nyaya zake, wanaangalia mbao zake, na watoto wa Kiingereza husimama kando ya kamba wakisoma jina la nchi yetu ubavuni mwake. Nairobi nako, Mei 2022, jeshi letu la anga liliandaa onyesho la ndege Uhuru Gardens, na umati uliojaa siku ile ulithibitisha kwamba kiu ipo.

Ombi langu kwa mamlaka ya viwanja vya ndege na kwa serikali ya kaunti ni moja, na halihitaji mkopo. Chagueni siku moja kila mwaka, mfungue lango kwa wanafunzi wa wadi tano za Changamwe: Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe na Chaani. Muwaonyeshe zimamoto wanavyojiandaa, mwongoza ndege anavyosoma upepo, fundi anavyofungua injini, lori la mafuta linavyounganishwa na bawa. Yule wa kushika mpira wa mafuta azungumze nao kwanza, kabla ya rubani.